Mikebe Miwili ya Oili

Kuna harufu ambayo sijaizoea mpaka leo, ingawa inanipitia karibu kila siku. Ni ya oili ya injini inapodondokea chuma cha moto. Hapa Bwera, mpakani na Kongo, pikipiki zimechoka, nyingi zinavuja, na moja ikisimama mbele ya duka langu la vitenge nainuka nakwenda nyuma kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Wateja wanadhani nina kibofu kibovu, nami nawaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba tangu nikiwa na miaka tisa niliamini nimemuua mtu. Mtu huyo alikuwa baba yangu mdogo, na sikumwambia yeyote.

Tulikaa Kasese. Baba alikuwa fundi wa magari ya jeshi kwa miaka mingi kabla ya kufungua gereji yake nyuma ya nyumba yetu, na mama alikuwa binti wa kambini, watu wake wa kaskazini, kwa hiyo lugha ya nyumba ilikuwa Kiswahili cha kambi, kile kisicho na adabu nyingi. Sisi Wakonzo mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa. Baba alikuwa Bwambale, mvulana wa pili. Mdogo wake alikuwa Masereka, wa tatu, ambaye sisi watoto tulimwita Baba Masereka. Mimi ni Biira, msichana wa pili. Ukiita Masereka barabarani Kasese watageuka wanaume kumi, lakini Masereka wa gari la buluu alikuwa mmoja tu, na alijua hivyo, ndiyo maana hakuvaa shati bila kukunja mikono.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la mashindano, lenye turubo ya kuipa injini nguvu. Alilinunua Kampala kwa mtu aliyekwisha kulichoka, akalileta nyumbani kwa mlio uliowakimbiza kuku wa jirani kwa wiki nzima. Alipanga kulikimbiza katika mbio za milimani, zile zinazopanda kuelekea Kyarumba. Sisi watoto tuliruhusiwa kuliosha magurudumu, si kioo. Nililipenda gari lile kuliko baadhi ya ndugu zangu, na Baba Masereka nilimpenda kuliko gari.

Injini ya namna ile huchemsha oili yake vibaya. Kwa hiyo mbele kabisa, karibu na rejeta, huwekwa kipozeo cha oili, kitu kama rejeta nyingine ndogo, chenye mipira miwili: mmoja unapeleka oili ya moto kutoka injini, mwingine unairudisha ikiwa imepoa. Mipira ya gari lile ilikuwa imezeeka, imeanza kutoka jasho, na ukiikunja karibu na sikio ilisikika ikikatikakatika ndani. Baba akasema ibadilishwe yote miwili kabla ya mbio, na hapo ndipo ndugu wawili walipoanza kubishana.

Baba Masereka alikwenda duka la spea mjini akarudi na mpira uliovikwa wavu wa chuma unaong'aa. Ulikuwa mzuri kweli. Tuliuzunguka kama bibi harusi. Baba aliushika, akaukunja, akaingiza kidole ndani, akanusa kidole, akasema huu nje ni wa oili lakini ndani ni wa maji, mtu ameuvika nguo. Baba Masereka akacheka, akasema kaka yake amezoea malori ya jeshi, hajui vitu vya kisasa. Siku ya soko ilipofika Baba alinichukua tukaenda Bwera.

Safari ile naikumbuka kuliko sikukuu zangu zote. Soko la mpakani lilijaa samaki wakavu, vitenge na kahawa, na mwisho kabisa kulikuwa na mama mmoja kutoka ng'ambo ya Kongo aliyeuza vyuma na mipira iliyong'olewa kwenye mashine kubwa. Alikuwa ameketi juu ya gurudumu, amevaa kitenge chenye jogoo. Baba aliuliza mpira wa oili ya moto. Yule mama akavuta mmoja mweusi, mzito, hauna sura yoyote.

"Hii tiyo ilitoka ku mashini ya kuchimba barabara," alisema. "Iko ya mafuta ya moto. Ya mayi ni ile ingine. Mutoto ashike, ataona uzito."

Kwao tiyo ni mpira, na mayi ni maji. Akanivika mpira ule shingoni. Ulikuwa mzito kweli, na wa baridi, na nilijiona mtu mkubwa. Niliubeba hivyo mpaka Kasese, na tulipopita Muhokya nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba mpira wangu ndio utakaoshinda. Niliuita hivyo moyoni, mpira wangu.

Ila Baba hakuamini mdomo wa muuzaji yeyote, hata aliyempenda. Alikuwa na njia yake, aliyojifunza jeshini walipokuwa wakipata spea zisizo na maandishi. Alikata kipande cha urefu wa kidole kutoka kila mpira, akavichuna vyote viwili nje mpaka vikabaki vyeusi tupu na kulingana, akavitia katika mikebe miwili ya oili chafu ya injini. Mkebe wa maziwa ya unga ulikuwa wa Bwera. Mkebe wa siagi ulikuwa wa Kasese. Mikebe ikakaa juu ya jiko la makaa nyuma ya gereji, moto mdogo, asubuhi mpaka jioni, siku nne. Mpira wa maji ukikaa kwenye oili ya moto unavimba na kulegea. Mpira wa oili unabaki kama ulivyo. Ndugu wote wawili walikubali kwamba mikebe itaamua.

Kazi ya kutunza moto nilipewa mimi, maana shule zilikuwa zimefungwa, na mama alishinda Mubuku kwenye shamba letu la mpunga la kukodi.

"Biira, hii mikebe hapana sogeza," Baba aliniambia. "Ya maziwa ni ya Bwera. Ya siagi ni ya Kasese. Umesikia?"

Nilisikia. Lakini hakuniambia tunatafuta nini, na mimi sikuuliza, kwa sababu katika nyumba ya mwanajeshi mtoto anayeuliza anapewa kazi ya pili. Nilijijibu mwenyewe. Niliona anavipika vipande vile kama mama alivyompikia mdogo wangu uji wa karanga alipokonda kwa surua. Yule mtoto alipowekwa kwenye mizani ya zahanati kila wiki, wote tuliomba jambo moja tu, kwamba awe amenenepa. Mwili ukijaa, amepona. Ukibaki vilevile, wanawake walitazamana.

Siku ya tatu, mchana, Baba alikuwa ameenda kutazama lori lililokwama na nyumbani nilikuwa peke yangu. Mbuzi wa jirani alikuja kula maganda ya ndizi karibu na jiko. Nilimfukuza kwa ufagio, akaruka upande usiofaa, na mikebe yote miwili ikalala. Oili ikamwagika mchangani. Vipande viwili vikabingirika na kusimama pamoja karibu na mguu wangu, kimoja kimenona, kimoja kimebaki chembamba, na sikujua kipi kilitoka wapi.

Niliinama nikavitazama. Kisha nikafikiri, na kufikiri kwangu nakukumbuka hatua kwa hatua. Kilichonona ndicho kilichopona. Mpira mzuri ni wa Bwera, nimeubeba mwenyewe. Basi kilichonona ni cha Bwera. Nikakipangusa kwa gauni, nikakitia kwenye mkebe wa maziwa, kile chembamba nikakitia kwenye wa siagi, nikaongeza oili kutoka kwenye debe, nikafukia mchanga uliolowa. Sikujiona nadanganya. Nilijiona nimetumia akili, na nilifurahi kidogo.

Jioni ya siku ya nne Baba Masereka alikuja mapema. Baba akatoa vipande kwa koleo, akaviweka juu ya gazeti. Kutoka mkebe wa maziwa kikatoka kipande kinene, laini, na mimi nikangoja Baba atabasamu. Baba Masereka ndiye aliyepiga makofi. Alisema mpira wa Mkongo umevimba kama chura, akacheka mpaka akashika ukuta, akamuuliza kaka yake kama jeshini walifundishwa pia kununua makopo matupu. Ndipo nilipoelewa kwamba kuvimba ni ubaya.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka, na nilifungua mdomo. Lakini Baba aliinamia vipande vile kwa muda mrefu sana, akavinusa kimoja kimoja, akatazama ndani ya mkebe, akanitazama mimi. Macho yake hayakuwa na hasira. Kisha akasema basi, tufunge wa Masereka. Mtoto hupenda kuamini kwamba wakubwa wanajua wanalofanya. Nilijiambia ikiwa Baba amenusa na kuridhika, huenda nilipatia. Nikafunga mdomo.

Siku ya mbio tulisimama juu ya ukingo wa barabara katikati ya mibuni, mama, mimi na nusu ya mlima. Watu walikuwa wameshuka na mizigo vichwani wakasahau kuitua. Gari la buluu lilipotokea kona ya chini watoto walipiga kelele, na mimi pia. Kabla sijaona kitu chochote nilisikia ile harufu. Halafu moshi, kwanza mweupe, halafu mweusi. Gari lilipinda kama mtu aliyeitwa jina, likaingia mtaroni, na moto ukatoka chini ya boneti. Mwenzake aliyekuwa akimsomea njia aliruka. Mlango wa Baba Masereka uliegemea ukingo, haukufunguka, mpaka wanaume wakamtoa kwa upande wa pili. Mama alinifunika uso kwa pindo la gomesi lake, gauni lake refu, lakini pua haifunikwi kwa kitambaa.

Mafundi wengine walilichunguza gari wakasema yale tuliyoyajua: mpira wa oili ulilegea, ukapasuka, oili ikamwagikia bomba la moto la ekzosi.

Aliishi siku tano hospitalini. Sikuruhusiwa kwenda. Kila jioni mama alirudi na harufu ile ndani ya nguo zake, akaketi bila kuwasha taa ya jikoni, na siku ya pili nilimsikia akimwambia jirani kwamba shemeji yake amevimba mwili mzima, hata macho hayaonekani. Mtu mzima anayesoma hapa anajua maana yake. Mimi nilikuwa nimekwisha kufundishwa kwamba kuvimba ni ubaya kwa mipira, lakini mwanadamu si mpira, na mdogo wangu alinenepa akapona. Niling'ang'ania hilo. Usiku ule ndio pekee niliolala. Siku ya tano walikuja kutuambia amefariki, na mkewe, aliyekuwa na mimba, aliketi chini palepale mlangoni na kukataa kuinuliwa.

Kwenye matanga wazee walimuuliza Baba, kwa upole, ilikuwaje fundi kama yeye akafunga mpira ule. Nilikuwa nimeketi nyuma ya mama. Baba alisimama akasema maneno matatu tu.

"Mikebe ilinidanganya, wazee."

Wakatikisa vichwa, wakasema ajali haina kinga, wakaacha. Mimi nilihisi kila mtu pale amegeuka kunitazama, ingawa hakuna aliyegeuka.

Wengi wa rika langu walipigwa utotoni, na kipigo kikiisha kimeisha. Mimi sikupigwa. Niliishi na jambo lile kama watu wanavyoishi na mtu wa ziada nyumbani. Mchana, saa ile mbuzi aliporuka, nilisikia mikebe ikigonga chini, na nilipotoka nyuma ya gereji hapakuwa na jiko wala mkebe. Baba alikuwa amevitupa. Hakupika tena mpira wowote. Mtu akimletea kazi ya kipozeo cha oili alimwambia aende Kampala. Nilimtazama akizeeka haraka na kila mvi niliihesabu yangu. Nikawa mtoto mtiifu kupita kiasi. Sikuomba viatu, sikuomba ruhusa ya kwenda sherehe, na watu walimsifu mama kwa malezi. Nyakati nyingine Baba Masereka alikuja ndotoni akiwa na mikono ya shati iliyokunjwa, hana jeraha, ananiuliza kwa utani tu kama mpira wangu ulishinda. Ningependa zaidi aje akiwa na hasira.

Mke wake alijifungua mvulana, Mumbere, yaani kifungua mimba, na Baba akamlea kama wake. Alimfundisha ufundi tangu akiwa hawezi kuinua jeki. Nilidhani anamlipia mtoto kosa langu. Nilimpenda Baba kwa hilo kwa namna iliyokuwa ikiniumiza.

Mvua zilizopita, Baba aliugua mapafu nikamleta kwangu Bwera. Asubuhi aliketi barazani akitazama malori yanayosubiri kuvuka. Siku moja pikipiki ilisimama mbele yetu ikivuja, harufu ikatupata wote wawili, na kwa mara ya kwanza sikuinuka. Yeye pia alikuwa ameshika mkono wa kiti. Nikaona nikingoja zaidi nitakuja kuyasema kaburini. Nikamwambia yote: mbuzi, mchanga, kipande kilichonona, gauni langu. Nilisema haraka, kama mtu anayetapika. Nilimwambia mikebe haikumdanganya, ni mimi.

Baba aliitazama pikipiki mpaka ikaondoka.

"Nilijua," alisema.

Nilidhani hajasikia vizuri. Lakini aliendelea, polepole, akipumzika kati ya maneno. Alisema mpira wa oili anaujua kwa pua hata macho yakifungwa, na chini ndani ya mikebe ulikuwako mchanga, na mchanga hauingii mkebeni wenyewe. Alijua palepale kwamba wa Bwera ndio mzuri. Ila Masereka, siku moja kabla ya vipande kutolewa, alikuwa amekishusha kipozeo pembeni chini, kama alivyoona kwenye magari ya Kampala, na Baba alipopima, mpira wa Bwera ukawa mfupi kwa kiganja kimoja. Soko lingine lilikuwa baada ya mbio. Kukirudisha kipozeo mahali pake kulihitaji nusu siku na ugomvi mwingine na mdogo wake.

"Nilikuwa nimechoka kubishana na yeye, Biira. Nikasema ni siku moja tu, itavumilia. Wewe ulichanganya, ukanipatia njia."

Nilimuuliza jambo moja. Nilimuuliza kama siku ile ya matanga, alipotaja mikebe mbele ya wazee, alijua kwamba nimeketi pale na kwamba ni mimi.

"Nani mwingine alikuwa nyumbani?" alisema. Halafu, baada ya kukohoa: "Nilifikiri mutoto anasahau."

Sitadanganya kwamba nililia au nilimkumbatia. Nilikasirika. Nilikuwa nimemtumikia mtu huyu kwa kosa ambalo alilijua, na alinitazama nikilibeba miaka yote ile, na akala chakula changu. Na wakati huohuo, jambo la aibu, nilitamani angekaa kimya. Kosa langu nilikuwa nimelizoea. Lilikuwa la mtoto, na mbuzi alihusika. La kwake sikujua niliweke wapi. Nilimmiminia chai, nikamwambia inapoa, naye akanywa yote kwa sababu alijua hasira yangu ikoje. Hatukulizungumza tena. Baada ya wiki chache alifariki, mchana, akiwa ameketi.

Tulimzika juu ya Kyarumba, kwao, kule ambako gari halifiki. Vijana walipanda na jeneza kwa zamu, na Mumbere alikataa kupokewa zamu yake hata mara moja. Sasa ni mwanaume mzima, ana gereji yake mwenyewe, ana mikono ya baba yangu, hata namna ya kunusa vidole. Watu walipoanza kuteremka alibaki kando ya kaburi, nami nikabaki naye. Udongo ulikuwa bado mbichi.

"Dada," aliniambia, "tangu utoto naambiwa mikebe, mikebe. Mimi pia ni fundi. Mpira ya maji ukiweka kwenye oili inavimba, hata kipofu anajua. Baba Mukubwa alikosa namna gani?"

Alikuwa hanilaumu mimi. Alikuwa akimtazama aliyelala pale, na niliona kwamba swali lile lilikuwa limemla kwa miaka, na kwamba alingoja mzee afe ndipo aliulize, kwa heshima. Alinyonya ufundi kwa mtu yule. Hakumjua baba mwingine. Nilikuwa na jibu mdomoni, la kweli, lote, mpaka kile kiganja kimoja kilichopungua.

"Ni mimi," nilisema. "Nilikuwa na miaka tisa. Nilimwaga mikebe, nikachanganya vipande, nikanyamaza. Yeye hakujua mpaka anakufa."

Bega la Mumbere likashuka kama la mtu aliyetua mzigo. Akanishika mkono. Akasema nilikuwa mutoto, akasema mutoto hana kosa, akasema amenisamehe na baba yake Masereka pia amenisamehe. Aliyasema palepale juu ya udongo ule, akilia, na mimi niliinamisha kichwa nikaupokea msamaha wake kwa niaba ya mzee aliyekuwa chini yetu.